Martina na Galaksi Isiyong'aa

Kila jioni Martina aliepua ugali, akawapakulia watoto, kisha akaenda darasa la watu wazima pale Maganzo. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kabla ya kufungua daftari, alisali.

Siku moja ya Februari 1997, Mwalimu Euphrasia alifundisha juu ya galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota. Alisema nyingine ni hafifu sana. Martina alimsimulia mumewe Jilala, mchimbaji wa almasi.

Jilala alicheka. "Mama Abel, miaka ishirini nachekecha changarawe. Kisichong'aa hakipo! Nionyeshe galaksi moja. Ukishindwa, darasa basi."

Martina alipiga magoti. "Mungu wangu, nimechelewa kuanza. Usiniache niishie njiani."

Kesho yake, darasa lilipokwisha, Jilala alifika na karabai inayowaka. Wakatoka nje, akaiinua kuelekea kusini, alikoonyesha Mwalimu.

"Haya, iko wapi? Naona kumbikumbi tu!"

Wanafunzi waliangua kicheko. Martina naye hakuona kitu. 

"Zima taa, Baba Abel," alisema Mwalimu.

"Nizime? Tutatafutaje gizani?"

"Kitu hafifu humezwa na mwanga mwingine."

Jilala alisita. Martina akaichukua karabai, akaizima mwenyewe. Wakangoja macho yazoee giza.

"Ng'ombe elfu wakiwa zizini, utawaona toka mlimani," alieleza Mwalimu. "Wakitawanyika mbugani, utaona nyasi tu. Ndivyo zilivyo galaksi hafifu. Nyota zipo, ila zimeachana mno."

"Nani alizitawanya?" aliuliza Jilala.

"Wataalamu bado wanachunguza. Nyota huzaliwa gesi inaposongamana. Huenda gesi ya galaksi hizo ilitanda sana, ikazaa nyota chache, polepole. Nyingine huenda zilivutwa na galaksi kubwa jirani, zikatapanyika."

Dakika ishirini zilipita. Ndipo Martina akaona doa jeupe, kama unga uliopeperuka.

"Lile pale! Usilikodolee. Litazame kwa pembeni, kama Mwalimu alivyotufundisha," alimwambia mumewe.

Jilala aligeuza macho pembeni kidogo. "Si wingu la mvua?"

"Wingu la mvua husogea. Lile limesogea?" aliuliza Martina.

"Halijasogea," alikiri.

"Hiyo ni galaksi jirani," alisema Mwalimu. "Zile hafifu kabisa macho hayazifikii. Wataalamu huzipiga picha kwa saa nyingi, wakapima, wakarudia."

"Hayo yameandikwa wapi?"

"Vitabuni."

Jilala alijikuna kichwa. "Mwalimu, niandikishe. Jina langu mwenyewe sijui kuliandika."

"Utajua kabla ya mavuno," alisema Martina.