Hakuna Kuamsha Mtu

Firmin alikutwa amekufa saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya pili ya Julai, ameketi kwenye kiti chake cha kukunja nje ya geti la kiwanda kidogo cha bia huko Randburg, Johannesburg. Blanketi lilimfika kidevuni, kofia ya sufu imemshukia machoni. Zaidi ya watu hamsini walikuwa wamepanga foleni pamoja naye, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ameketi na maiti.

Aliyemkuta ni Victorine, mlinzi wa geti. Zamu yake ilikuwa imekwisha, akaenda kumwamsha warudi Hillbrow kwa teksi moja, kama walivyokubaliana. Alimgusa bega, kisha shingo, akaitazama saa, akaandika kwenye daftari la zamu: «1:10. Firmin amekufa.» Kabla ya kuja Johannesburg alikuwa mpelelezi wa polisi Bukavu kwa miaka kumi na mmoja, na mkono una mazoea yake hata moyo ukigoma. Kilichomchoma ni mstari wa juu yake, alioandika mwenyewe: «12:00. Namba 7, Firmin. Amelala. Amefutwa.»

Foleni ile ilikuwa na sheria zake. Kiwanda kilitoa bia ya pekee mara tatu nne kwa mwaka, chupa chache, na wenye pesa zao waliigombania kama watu wanavyogombania sukari mwezi wa Ramadhani. Ila wenye pesa hawalali nje na baridi ya Julai. Huajiri watu wa kuwasimamia: Wakongo, Watanzania, Warundi. Safari hii chupa za kuuza zilikuwa arobaini, moja kwa kila mtu, na kelele zilikuwa kubwa zaidi kwa sababu ilikuwa bia ya mwisho ya mpishi kijana wa Kikongo, Exaucé, aliyekufa kwa ajali ya teksi mwezi wa tatu. Aliipika kwa ndizi na mtama, kama kasiksi, pombe ya kienyeji ya kwao Kivu. Victorine hakumfahamu, yeye aliajiriwa pale mwezi wa tano.

Wasimamaji walijiwekea utaratibu. Kila anayefika hupewa namba. Kila saa namba huitwa. Asiyeitika mara tatu anafutwa, na wote walio nyuma yake wanasogea nafasi moja. Na hakuna kuamsha mtu: ukimgusa jirani aliyelala wakati wa kuitwa, mnatoka nyote wawili. Orodha ilikaa kwa Victorine kwa kuwa yeye hakuwa na upande.

Saa kumi na mbili alimwita Firmin mara tatu. Mzee alikuwa anakoroma. Foleni nzima ilicheka, na Victorine alicheka nayo. Akishafutwa mtu huruhusiwa kuamshwa, na mmoja alitaka kumtikisa, lakini Victorine akasema, «Mumuache alale, amechoka.» Aliyasema kwa upendo.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walifika saa moja na dakika thelathini na tano. Mmoja wao aliinamisha kikombe cha bati kilichokuwa chini ya kiti. Ndani kulibaki tone la chai yenye maziwa na punje nyeupe za vidonge ambazo hazijayeyuka. Katika mfuko wa koti la Firmin kulikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi, imebaki nusu.

«Kwa macho yangu hivi ni vidonge vya usingizi,» alisema. «Maabara itathibitisha. Mtu mwenye mapafu mazima angelala tu, akaamka na kichwa kizito. Huyu alikuwa mgonjwa wa kifua?»

«Alichimba dhahabu kwetu miaka mingi. Vumbi lilimmaliza,» Victorine alijibu.

«Basi vidonge, na dawa hii ya kikohozi, na baridi. Pumzi ilipungua kidogo kidogo.»

«Angeamshwa saa kumi na mbili?»

Mhudumu alimtazama, akatazama pembeni. «Pengine,» alisema.

Sajini Nkuna wa polisi alifika saa mbili kasoro dakika tano, na kufikia saa mbili na nusu alikuwa na mtu wake ndani ya gari. Alikuwa Mselem, kijana wa Tanga, namba nane. Foleni nzima ilikuwa imemsikia akigombana na Firmin alfajiri. Tena karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imepitwa na muda, na iwepo kesi au isiwepo, hiyo ilitosha kumpeleka mpakani.

«Eish, mama, ni wazi,» Sajini alimwambia Victorine. «Aliye nyuma ndiye anayetaka wa mbele atoke. Lakini wewe unaelewa lugha zao, na orodha unayo. Uliza. Saa nne mauzo yakianza watatawanyika, nami nitaondoka na huyu.»

Victorine alikaa juu ya kreti tupu akafungua daftari. Ukurasa wa alfajiri ulikuwa na mistari michache tu.

«11:05. Namba 8 na namba 7 wagombana, kiti kimesogezwa.
11:20. Biubwa aja na birika lake.
11:30. Mama Agnès apita kwenda chooni. Ameniletea chai ya maziwa. Mungu ambariki.
12:00. Namba 7 amefutwa.»

Alianza na Mselem, kupitia dirisha la gari la polisi.

«Mligombana nini?»

«Kiti, dada yangu. Mzee alikisogeza nyuma, miguu ya kiti ikawa kwangu. Nikamwambia, naye akanijibu. Yakaisha. Wallahi tuligawana mkate baadaye, ukawa daku yangu.»

«Chai ulimpa?»

«Chai ninunue ya nini, nami nimefunga saumu ya Sunna? Mimi hata hiyo pombe siinusi. Nauza miguu yangu, basi. Ninasimama, tajiri anakuja, anachukua chupa yake, tumeachana.» Alifuta pua kwa kiganja. «Na nimuue ili iweje? Niwe wa saba badala ya wa nane? Saba au nane, chupa ni ileile.»

Victorine aliondoka dirishani. Maneno yale aliyaweka pembeni, kama mtu anavyoweka ufunguo ambao bado hajauona mlango wake.

Biubwa, Mzanzibari wa Bellevue aliyekuwa akiuzia foleni chai tangu foleni hizo zianze, alikuwa analia huku anafunga vikombe vyake kwenye kapu. Wateja walikuwa wameshaanza kumtazama kwa jicho baya.

«Bi Biubwa, Papa Firmin alikunywa chai yako?»

«Kikombe kimoja, kama wenziwe. Na wote si hao wazima? Ningelikuwa natia sumu ningelimaliza mtaa, mwanangu.»

«Ulimtilia maziwa?»

«Maziwa?» Biubwa aliacha kulia kwa kushangaa. «Miye? Chai yangu ya rangi na tangawizi, miaka sita. Maziwa hata siyabebi.»

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Victorine alirudi kwenye kreti lake. Bado alikuwa na ladha ya maziwa ya unga mdomoni.

Akaichukua orodha. Sajini aliangalia aliye nyuma ya Firmin, na kila mtu angeangalia hapohapo. Lakini Mselem alikuwa na uhakika wa chupa yake tangu jana, sawa na namba tisa, kumi, ishirini, wote hadi arobaini. Na namba arobaini na mbili akisogea nafasi moja bado anarudi nyumbani mikono mitupu. Katika foleni nzima palikuwa na mtu mmoja tu ambaye kufutwa kwa mmoja kulimpa kitu, na haikumhusu ni nani anayefutwa, mradi awe mbele yake.

Aliteremsha kidole hadi chini. Namba arobaini na moja: Agnès M'Birindwa.

Alimfahamu, kama Wakongo wa Hillbrow wote walivyomfahamu. Alikuwa msusi, mjane, mwimbaji wa kanisani, mama wa watu. Mtu akifiwa, sufuria la kwanza lilikuwa la Mama Agnès. Victorine aliketi na kalamu mkononi, akitamani awe amekosea hesabu. Akahesabu tena. Kisha akaenda kumwita.

Waliingia wanne kwenye kibanda cha walinzi: Victorine, Mama Agnès, Sajini Nkuna, na Deon, mwenye kiwanda, Mzungu mwenye ndevu ambaye tangu asubuhi alikuwa hajui aiweke wapi mikono yake. Wanawake wawili waliongea Kiswahili; Victorine angewatafsiria wengine baadaye.

«Mama, unamusimamia nani?»

«Bwana mumoja wa Sandton.»

«Karatasi yake iko wapi? Kila musimamaji ana karatasi ya tajiri wake.»

Mama Agnès alifungua pindo la kitenge chake na kutoa noti zilizokunjwa vizuri. «Hakuna tajiri. Ni mimi.»

«Wewe? Ununue pombe?»

«Ni mimi.»

«Chai ya maziwa ulinipa mimi, na ulimupa Papa Firmin. Mimi sikulala. Vidonge ulitia katika kikombe chake peke yake.» Victorine alisema polepole, kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia Bukavu, na alijichukia kuisikia. «Ulijua atanywa, kwa sababu hangekataa kitu kutoka kwako. Ulijua hakuna mutu atamuamusha. Ulitaka afutwe, usogee nafasi moja. Vidonge ulivipata wapi?»

«Dispensari walinipa. Tangu mwezi wa tatu silali.» Mama Agnès aliinua macho. «Nilimutilia vitatu tu, Victorine. Mimi mwenyewe nakunywaka viwili. Nilisema atalala, ataamuka saa nne, atatukana kidogo, halafu nitamupikia fufu na samaki, nitamuomba musamaha. Kila dakika nilikuwa naangalia kofia yake. Nilisema, sasa ataamuka. Sasa ataamuka.»

«Mwezi wa tatu kulikuwa nini, mama?»

«Mutoto yangu alikufa.»

«Mutoto gani?»

«Exaucé.»

Deon hakuwa ameelewa neno hata moja mpaka hapo. Jina hilo alilielewa, akasimama.

Victorine alifumba macho. Mambo yote yalikuwa wazi, na hakuona fahari yoyote. Kwao mtoto habebi jina la mama, hivyo hakuna orodha ambayo ingewaunganisha Exaucé Cikuru na Agnès M'Birindwa. Wala hakuna mtu kanisani aliyejua kwamba mwanawe alikuwa mpishi wa bia.

«Niliwaambia anafanya kazi kwa mikate,» alisema Mama Agnès. «Alikuwa anarudi ananuka chachu, watu waliamini. Pasta alikuwa anahubiri pombe kila Jumapili, nami nilikuwa naitikia Amina. Siku moja nilimuambia Exaucé, chagua, hiyo kazi ao mimi. Akahama. Miaka miwili. Alipokufa nilimuzika kama mutu wa mikate.» Alipangusa uso kwa pindo la kitenge. «Halafu juzi mutoto mumoja nilikuwa namusuka, akanionyesha kwa simu. Bia ya ndizi na mtama, jina la mutoto yangu juu. Ile ni kasiksi ya mama yangu, Victorine. Mimi nilimuhadithia akiwa mudogo, vile mama alikuwa anakanyaga ndizi. Nilitaka kimoja tu. Kitu kimoja mikono yake iligusa. Nilipofika, namba ikawa arobaini na moja.»

«Ungemuambia Papa Firmin,» Victorine alisema, na sauti ya Bukavu ikamkatikia. «Ungemuambia tu. Angekupa nafasi yake na blanketi juu.»

«Ningemuambia nini? Kwamba mutoto yangu alikuwa anapika pombe?»

Victorine aliwatafsiria Sajini na Deon yote, hadi neno la mwisho. Sajini alitoka nje, akafungua mlango wa gari, akamwambia Mselem aende nyumbani na aishughulikie karatasi yake Jumatatu mapema. Aliporudi, Deon alikuwa ametoka ofisini kwake na chupa moja.

«Alituambia mama yake yuko Bukavu,» Deon alisema kwa sauti ndogo. «Hakutaka tumtafute hapa. Msiba wenyewe tuliusikia wiki mbili baadaye. Hii nilimwekea mama yake, haikuwa ya kuuzwa. Nimeandika barua tatu Bukavu.»

Victorine alitafsiri. Angeweza kuiacha ile ya «hakutaka tumtafute hapa». Hakuiacha, kwa kuwa hajawahi kufundishwa kazi nyingine ila kusema kilichopo.

Mama Agnès hakulia kwa sauti. Aliipokea chupa kwa mikono miwili, akasoma jina la mwanawe herufi kwa herufi. Kisha akamwomba Deon aifungue. Sajini aligeukia dirisha. Deon alimimina kidogo kwenye kikombe, na yule mama ambaye hakuwa amegusa pombe kwa miaka ishirini na miwili aliinusa kwanza, muda mrefu, kisha akanywa.

«Ndizi ni kidogo mno,» alisema. «Hazikuiva sawa. Ningemufundisha.»

Akaweka kikombe mezani, akanyoosha mikono yake kwa Sajini.

Geti lilifunguliwa saa nne kamili, na chupa arobaini zikaisha katika dakika kumi na nne. Victorine hakubaki kuangalia. Saa tano na nusu, akiwa amekaa juu ya kitanda chake huko Hillbrow bila kuvua viatu, alimpigia simu mke wa Firmin, Bukavu. Alimwambia kuhusu foleni, vidonge, na Mama Agnès. Kisha akamwambia na neno lake mwenyewe la saa kumi na mbili, «Mumuache alale,» kwa maana lile halikuwa la Mama Agnès.