Ndoo ya Saba

Kila alasiri kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wa darasa la sita walishuka bustanini, nyuma ya madarasa, kumwagilia miche ya nyanya. Jua la msimu huo halikuwa na huruma na maji yalikuwa ya shida. Tangi lilikuwa na ndoo kumi na tano tu kwa siku. Kundi la kwanza lilikuwa na matuta mawili na la pili matatu, kwa hiyo Mwalimu wa hesabu aliagiza maji yagawanywe kwa uwiano wa mbili kwa tatu.

Kundi la kwanza liliongozwa na msichana aliyebandikwa jina la Profesa, maana hesabu alizifanya mbiombio na hakupenda kusahihishwa. La pili liliongozwa na binamu yake, Kimya, mvulana wa maneno machache.

Profesa alipoinama kuchota ndoo ya saba, Kimya alimshika mkono.

"Zenu zimeisha, dada. Ni sita."

"Nani kakwambia? Mbili kwa tatu ni theluthi mbili. Theluthi mbili ya kumi na tano ni kumi. Bado nne."

"Yaani matuta mawili yanywe kumi, matatu yanywe tano? Hebu fikiri basi."

Wenzao waliangua kicheko. Profesa hakuzoea kuchekwa. Damu ilimchemka, akainua ndoo ya bati na kumpiga nayo binamu yake mdomoni.

Hapo ngumi, mateke na mawe vikatawala. Mmoja alipigwa mpini wa jembe mgongoni, mwingine aling'atwa sikio hadi likachuruzika damu. Profesa aliburuzwa kifudifudi juu ya miche ileile aliyokuwa akiipigania. Tangi likasukumwa, likapinduka, na maji yote yakaishia mchangani. Profesa alipoinua uso alimwona Kimya amepiga magoti anatema damu, jino lake la mbele likiwa kiganjani. Aliingiwa na hofu.

Mwalimu alikuja mbio akawaachanisha, akawapeleka majeruhi zahanati. Waliporudi, alimwamuru Profesa apange ndoo tupu kumi na tano.

"Mbili za kundi lako, tatu za wenzako. Rudia mpaka ziishe."

Profesa alipanga huku akilia kwa kwikwi. Upande wake zilitimia sita.

"Sehemu zote ni ngapi?"

"Tano, Mwalimu. Zetu ni mbili kati ya tano. Si theluthi mbili." Akamgeukia binamu yake. "Ulikuwa sahihi. Nisamehe, ndugu yangu."

Kimya, pamba mdomoni, alianza kukusanya ndoo.

Makundi yote mawili yalitumwa kwenye kisima cha mbali kujaza tangi upya. Safari hii ndoo sita zilikwenda huku, tisa kule, na hakuna aliyebisha. Mwalimu alimwita Profesa pembeni.

"Kabla hujainua mkono, mwanangu, rudia hesabu yako. Hesabu ukiikosea unaifuta, unaanza tena. Jino la mwenzako utalirudisha na nini?"