Dakika Arobaini za Mkwe

Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Bi Sindano, fundi cherehani aliyepewa jina hilo kwa ukali wa ulimi wake, alimtazama rubani kwa jicho la pembeni. Rubani huyo alikuwa mkwewe. Alimwoa bintiye wa pekee, akamhamishia kwenye kiwanja kidogo cha ndege kule ng'ambo ya jangwa, na tangu harusi Bi Sindano aliapa hatamsemesha. Mshale wa mafuta alikuwa ameuona ukishuka tangu mapema. Akauma midomo. Kiapo ni kiapo.

Ndege ilipiga mchanga kwa tumbo, gurudumu la mbele likang'oka, bawa likavunjikia kwenye mwamba. Vumbi lilipotulia, mguu wa rubani ulikuwa umenasa, mfupa umeelekea usikotakiwa.

Hapo kiapo nacho kikavunjika.

"Dakika arobaini! Si ndivyo mlivyoandika ukutani kule kiwanjani? Nimemaliza pindo la nguo za mjukuu anayekuja, nimeshona na kofia, bado tuko angani!"

"Ni arobaini upepo ukitusukuma, mama. Leo umetupiga usoni."

"Ukajua lini?"

"Mapema tu. Ningeweza kugeuza."

"Mbona hukugeuza?"

"Nigeuze wewe umekaa hapo? Ungesema mwanao kaolewa na mtu asiyefika."

Angesema, kweli. Tena angetangaza sokoni. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, akamvuta nje kwa hasira mpaka mwanamume akalia kama ndama.

Alizichana zile nguo za mjukuu, akaufunga mguu kwa chuma kilichong'oka kitini, kila fundo na tusi lake.

"Kiwanja kiko mbele hapo," rubani akasema. "Dakika kumi tu."

"Dakika kumi za ndege! Miguu yangu ina mabawa?"

Maji yalikuwa chupa moja. Walikunywa kwa kifuniko, huku akimkaripia kila alipomeza kwa pupa. Kesho yake chupa ikakauka. Ulimi wa Bi Sindano, ambao haujawahi kushindwa na mtu, ukavimba ukajaa mdomo mzima. Binti alikuwa anakaribia kujifungua, na wao wanageuka kuni.

"Mke wangu huwa anatazama upande huu nikichelewa," rubani akanong'ona.

Bi Sindano akainuka. Alilibingirisha lile gurudumu, akachovya kitambaa kwenye oili iliyovuja, akawasha kiberiti.

"Mama, hilo ni tairi la ndege!"

"Ndege ipi? Nionyeshe!"

Moshi mweusi ukapanda wima, mnene kama nguzo.

Jua lilipoanza kushuka, gari la kiwanja likatokea likirukaruka. Binti alishuka tumbo mbele, dumu la maji mkononi. Aliwanywesha wote wawili kwanza, akasikiliza kisa chote, ndipo akawaka.

"Huyu anaona aibu kugeuza, huyu anaona mshale ananyamaza! Mtoto wangu ningemwambia bibi na baba walikufa kwa ugonjwa gani? Kununa?"

 Mkwe na mkwe walitazama mchanga kama watoto waliovunja chungu.

Rubani sasa anachechemea. Ukutani ameandika upya: dakika arobaini upepo ukipenda; usipopenda, tunarudi. Na Bi Sindano, akipanda ndege yake, hukaa palepale mbele. Anamsemesha tangu wanaruka mpaka wanatua, mshale hivi, upepo vile, hata rubani anaukumbuka ule mnuno kwa machozi.