Sikio la Nanzala

Duka la hadiweya lilikuwa limejaa hadi mlangoni, lakini Nanzala, kwa ovaroli ya bluu na kilemba chekundu, hakujali msongamano. Alikuwa akidonoa waya wa chuma na kuusikiliza.

"Unanunua ama unaimbisha?" akauliza kijana wa shati jeupe nyuma yake.

"Mimi ni fundi wa piano. Wewe angalia, line imekupita."

Kijana huyo, Muigai, alicheka. Alikuwa mpiga piano wa kanisa moja la Elgon View, na piano yao ilikuwa imeharibika sauti. Akampa kazi siku hiyohiyo. Moyo nao alikuwa ameshampa.

Nanzala alizaliwa mtaa wa Huruma, katikati ya kelele za nyundo, ila sikio lake halikudanganyika. Mzee Joash, fundi wa piano wa zamani, alimfunza miaka minne bila mashine yoyote: nyuzi za noti moja zikikosana, sauti hutetemeka, kaza polepole mpaka itulie. Ijumaa akamaliza piano ya kanisa, wawili hao wakiwa tayari wapenzi, akampigia Muigai simu.

"Sweetie, piano yako iko sawa. Ufunguo wangu wa kukazia nyuzi nimeuacha hapo."

"Wewe ni moto, Nanzala!"

Moto, lakini Muigai akaipima piano kwa programu ya simu yake. Simu ikasema noti za juu zimepanda mno. Akachukua ule ufunguo, akazishusha.

Jumamosi, kwaya ikifanya mazoezi, piano ililia vibaya.

"Huyo msichana hajui kazi," wakanong'ona. Muigai akajifanya anatafuta wimbo kitabuni.

Nanzala aliitwa, akaingia minong'ono ikiendelea. Akabonyeza noti tatu tu.

"Nani ameshika kazi yangu?"

"Ni mimi, babe. Simu ilisema..."

"Simu inasikia noti moja moja! Mimi nasikia piano nzima. Za juu lazima zivutwe kidogo zaidi, la sivyo zikipigwa pamoja na za chini zinasikika zimelegea. Na umeacha watu waniseme?"

Iliuma sana. Alitamani kuondoka, lakini asingeacha jina lake likiwa limeharibika pale. Akakaza upya, kwaya nzima ikimtazama, kisha akaenda bila kuaga. Simu za Muigai hakushika.

Jumapili aliketi nyuma kabisa, kwa gauni la kijani. Kabla ya kupiga, Muigai akasimama.

"Piano hii ilitengenezwa kwa sikio na fundi Nanzala. Aliyeiharibu ni mimi, nikamwacha alaumiwe. Nanzala, nisamehe."

Akapiga. Sauti ilijaa kanisa, safi kutoka chini hadi juu, na Nanzala akainua kichwa kwa fahari.

Nje, Muigai alimshika mkono. "Wazee wetu waje kwenu kukuposa lini?"

"Mwezi ujao. Lakini hiyo simu uiache nyumbani."