Jina Lililomrudisha Mtoto Titini

Jambo lenyewe lilianzia kwenye benchi. Saa saba mchana, Damalie ameepua ugali wa muhogo, mumewe Arnold amekaa anangoja kula, mara akasogea mpaka ukingoni mwa benchi na kuipangusa kwa kiganja nafasi aliyoiacha.

"Sasa wasogea nini?"

"Huoni mgeni amesimama?"

Damalie alicheka. Mtu anayevusha mahindi kwa baiskeli kutoka Busia ya Uganda kwenda Busia ya Kenya hakosi mzaha mdomoni. Lakini Arnold hakucheka. Alimega tonge, akaliweka pale patupu, na nyumba ikanuka udongo mbichi, ule udongo wa shimo refu.

Mwezi wa pili ulipoingia hakuwa akienda mpakani tena. Alikaa tu, akisikiliza na kujibu. Mgeni alikuwa na jina, Ikwap, na huyo Ikwap alikuwa na neno moja tu, alilolirudia asubuhi hadi jioni.

"Anasema wewe huna haja na macho," Arnold alimwambia mkewe, machozi yakimtoka, mikono ameikalia isije ikamponyoka. "Anasema niyatoe kwa kidole. Mimi sitaki, Damalie. Haki sitaki."

Mama mkwe, Apendi, alifika kutoka kijijini Petta na kamba mkononi. "Hili ni jini. Jini anafungwa, anachapwa, anatoka."

"Mama, huyu ni mtoto wako."

"Ndiyo maana nimekuja na kamba laini."

Damalie alisoma mpaka senia four, yaani kidato cha nne, na tumbo lake lilikuwa la miezi saba. Alikataa. Alimpeleka mumewe Tororo, kwenye kliniki ya wagonjwa wa akili, na huko sista Proscovia akawaketisha wote watatu, hata Apendi na kamba yake.

"Hakuna aliyemroga," sista alisema. "Huu ni ugonjwa kama mwingine, ila umekaa kichwani. Kidonge kila jioni akishakula. Sindano kila mwezi, hata akijiona mzima. Msimfunge, msimpige. Hiyo sauti yeye anaisikia kweli, kwa hiyo msimcheke wala msibishane naye. Damalie, andika anayoyasema, uniletee. Ila huyo mgeni msimwite kwa jina. Mkimwita, mnampa kiti."

Apendi alisonya. Damalie akanunua daftari, akaandika yote.

Na dawa ilifanya kazi. Arnold alilala, akanenepa, akaipaka baiskeli mafuta, akarudi mpakani. Siku moja Damalie alimuuliza kuhusu yule mgeni.

"Mgeni gani, mke wangu? Sikumbuki. Ni kama ndoto ya mtu mwingine."

Damalie akajifungua mtoto wa kiume, na kwa siku mbili nyumba ilikuwa nyumba.

Siku ya tatu mtoto alikataa titi. Alilia kilio kirefu kisichokuwa na pumzi katikati. Walimpeleka kwa daktari, akampima, hakuona kitu, akawaambia wamkamulie maziwa, wamnyweshe kwa kijiko na wamrudishe kesho, lakini mtoto akayatema yote.

"Anadai jina," Apendi alisema. "Hata baba yake alilia hivi. Mweke titini tuwaite waliotangulia. Akitajwa marehemu aliyerudi ndani yake, atanyonya."

Wakaanza. "Ni wewe, Egesa? Basi nyonya." Mtoto akalia. "Ni wewe, Okia?" Akalia. Wajomba, mababu, shangazi aliyefia Molo, mmoja baada ya mwingine, mpaka Apendi akaishiwa na wafu, akakaa chini, akajifunika uso kwa leso. Utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea, midomo imepasuka, na Damalie, ambaye hakuwa amelala siku nne, ambaye maziwa yalikuwa yanamchuruzika bure mpaka tumboni, alisikia kilio kinafifia, akajua kikifika mwisho hakuna kingine, akaanza kutaja majina yoyote yaliyomjia, ya walimu, ya majirani, ya watakatifu wa kanisani, mbio mbio kama mtu anayetupa vyombo nje ya nyumba inayoungua, na katikati ya hayo majina, kabla hajauwahi ulimi wake, akasema, "Ni wewe, Ikwap?"

Kilio kikakatika.

Harufu ya udongo mbichi ikaingia, mchana kweupe, mlango umefungwa. Mtoto akafungua macho, akanyonya.

"Umemtaja nani?" Apendi alinong'ona. "Kwetu hakuna marehemu wa jina hilo."

Kesho yake Damalie alijaribu kumwita Egesa. Mtoto alifunga mdomo kutwa nzima, mpaka akalegea. Basi ikawa kila anaponyonyesha lazima alitaje lile jina la Ikwap. Mara kumi kwa siku anamkaribisha.

Siku ya sindano walikwenda Tororo wote. Sista Proscovia alimsifu Arnold, kisha akashika kadi ya mtoto.

"Na huyu kijana anaitwa nani?"

"Ikwap," Arnold alijibu, akitabasamu. "Mama yake ndiye aliyempa."

Kalamu ilisimama. Sista alikuwa amelisoma lile daftari. Akamtazama Damalie, bila ukali wowote.

"Mama, hulali. Uzazi nao unaweza kuleta ugonjwa kama wa Arnold, na unatibika vilevile. Si aibu. Niambie, unasikia nini?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lakini akilisema watamlaza, watamchukua mtoto, na huko wodini nani atamwita ili anyonye?

"Sisikii kitu, sista."

Na ilikuwa kweli. Masikio yake hayakusikia lolote.

Mtoto akaanza kulia. Damalie aligeukia ukuta, akamweka titini, akanong'ona jina. Mtoto akashika, akavuta kwa nguvu, macho wazi, hapepesi. Kisha kile kimkono kikapanda taratibu kama vipandavyo vya watoto wote, kifuani, shingoni, shavuni, mpaka kidole kimoja kikafika kwenye ukope wa mama yake, kikatulia.

"Ona anavyokupenda," Arnold alisema.

Kidole kikaanza kubonyeza.

Damalie hakukwepa, maana mtoto alikuwa bado ananyonya.