Mwanamke Aliyedaiwa Sababu

Zama zile pembe za ndovu zilipokuwa zikisafiri mabegani mwa watu, kutoka Unyamwezi hadi pwani ya mrima, msafara wa Mwinyi Kombo bin Sadala uliongozwa na mwanamke. Halikuwa jambo la kawaida. Kirangozi wao, mwongoza njia Mgalula, alikufa kwa homa siku ya tano ya safari, na wapagazi mia mbili wakakataa kunyanyua mizigo mpaka mkewe, Kalunde, avae joho jekundu la marehemu na kutangulia mbele. Alikwisha kuipita njia ile mara kumi na moja ubavuni mwa mumewe. Mwinyi Kombo alikubali kwa kuwa hakuwa na namna.

Kwa siku thelathini na mbili Kalunde aliamua mambo ya njiani, na hakuna aliyemuuliza neno. Wakifika kivukoni, alitazama maji kidogo akasema, "Si hapa, twendeni juu," nao wakaenda. Akinusa nyama akakunja uso, nyama ilitupwa. Asubuhi moja aliamuru kambi ing'olewe kabla uji haujaiva. Ilipofika adhuhuri, bonde walimolala lilijaa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali milimani. Mwinyi Kombo alikula, akavuka, akalala salama kwa machale ya mwanamke yule, wala hakuwahi kutamka ahsante.

Siku ya thelathini na tatu ya uongozi wake wakafika ukingoni mwa Mgunda Mkali, nyika kavu iliyoogopwa na kila msafara. Hapo wakatokea wanaume watatu wenye mifuko ya unga na mtungi wa asali. Mkubwa wao, mtu mcheshi aitwaye Lugome, alisema anaijua njia ya mkato upande wa kusini, yenye visima viwili vya maji matamu. Akala kiapo. Akachanjiana damu na Mwinyi Kombo, wakala pamoja ini la mbuzi, wakawa ndugu.

Kalunde alikaa kando akiwatazama. Asali ilipopitishwa hakuonja. Macho yake yalirudi tena na tena kwenye mifuko ya unga, asijue yanatafuta nini. Akanyanyuka, akamwendea mwenye msafara.

"Mwinyi, tusiifuate njia hii."

"Kwa nini?"

"Sijui. Moyo wangu unakataa."

Mwinyi Kombo akacheka, akawageukia watu wake wenye magobori. "Mnasikia? Mtu ameapa, amechanja damu, ameleta chakula. Huyu analeta moyo! Nipe sababu, mama. Moja tu."

Kalunde akaitafuta sababu, asiipate. Hilo ndilo lililomchoma. Akasimama wima, na sauti yake ikafika mpaka kwenye mizigo ya mwisho.

"Siku thelathini na mbili umekula kwa moyo huu, Mwinyi. Kule kivukoni ulinidai sababu? Bondeni ulinidai? Moyo wangu ulifaa kuchagua nyama na pa kulala. Leo, zinapochaguliwa roho za watu, umekuwa upuuzi?"

"Yale yalikuwa mambo ya jikoni," alijibu Mwinyi Kombo. "Haya ni ya wanaume."

Manung'uniko yakapita katika wapagazi. Msabila, mdogo wake marehemu Mgalula, akachomoa mkuki wake ardhini. "Mimi namfuata shemeji," akasema. Watu sitini wakasimama pamoja naye.

"Nendeni," Mwinyi Kombo akafoka, "lakini magobori na baruti ni vyangu!"

Basi wakaondoka na mikuki, pinde, mabaragumu, vifurushi na vibuyu vyao vya maji, wakashika njia ya zamani. Kalunde alitangulia kwa hasira, si kwa hofu.

Jua lilipopanda wakapumzika. Msabila alitoa mfuko wa unga waliogawiwa na Lugome. Kalunde akanyoosha mkono kuufungua, akaitazama kamba. Kamba ilikuwa ya gome la mti, imekunjwa mara mbili na ncha yake kufichwa ndani ya fundo. Ndivyo wafungavyo wapagazi wa Unyamwezi. Watu wa nyika ile hawafungi hivyo.

"Unga huu umetoka mgongoni mwa ndugu zetu waliotutangulia," akasema. "Na mpagazi hamwachii mtu unga wake Mgunda Mkali akiwa hai."

Msabila akamtazama. "Kumbe fundo ulikuwa umeliona?"

"Macho yaliliona, shemeji. Ulimi ndio uliochelewa kuambiwa."

Mzee mmoja miongoni mwa wapagazi akatema mate. "Ametufukuza bila gobori hata moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwacheni avunjike."

"Atavunjika peke yake?" Kalunde akamkatiza. "Wana wa kwetu mia na arobaini wako nyuma yake!"

Wakavitupa vifurushi vichakani, wakakimbia kusini. Milio ya magobori ikawapokea kabla hawajaona kitu. Mwinyi Kombo na watu wake walikuwa wamenaswa kwenye ufa kati ya majabali mawili, wamejibanza nyuma ya pembe zao, na mishale ikiwanyeshea kutoka juu. Kalunde hakusimama kufikiri. Alishika ubavu wa mashariki, akawatawanya wenye mabaragumu pande tatu, akawaamuru wapulize kwa pamoja. Wanyang'anyi wakadhani jeshi zima limewazunguka. Walipogeuka walikutana na mikuki. Lugome aliangukia mkuki wa Msabila. Waliosalia wakatoweka porini.

Wapagazi kumi na tisa walikwisha kufa. Mwinyi Kombo alikuwa na mshale pajani. Kalunde alipasua kaniki yake, akamfunga jeraha.

Walipofika mrima, Mwinyi Kombo aliketi barazani kwake, kilemba kipya kichwani, akawasimulia wakuu wa mji. "Machale yalinicheza," akasema. "Nikaligawa jeshi langu, nikaagiza kikosi kizunguke nyuma." Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mshairi mmoja alikuwa tayari anatafuta vina.

Kalunde aliyasikia akiwa mlangoni. Akaingia na vumbi lake.

"Watu kumi na tisa tuliwazika pale, Mwinyi. Wataje."

Mwinyi Kombo akarekebisha kilemba chake. Hakulijua jina la hata mmoja. Kalunde akawataja wote, na mji wa kila mmoja, mpaka wa mwisho. Kisha mtu akaagiza kahawa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya karafuu.

Utenzi ulitungwa, na ndani yake hamna mwanamke. Lakini Kalunde alirudi bara, akapita katika miji yote ya wale kumi na tisa. Kila mahali aliketi na mama wa marehemu, akamweleza jinsi mwanawe alivyokufa na ni nani aliyempeleka huko. Ilimchukua miezi mitano. Msimu uliofuata, Mwinyi Kombo alipofika Unyamwezi na kupiga ngoma ya kutafuta wapagazi, ngoma ililia siku saba, na hakuna mtu aliyenyanyuka.