Kanyange Afika Kwenye Matanga Yake

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana nikilificha mtalisikia kwa wengine likiwa limetiwa chumvi. Mwaka 2003, mimi mwalimu wa watu wazima, mwenye diploma iliyotundikwa ukutani, nilimtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa. Nilikwenda Mbarara kumwona mgonjwa hospitali. Nikakuta kitanda kitupu na godoro limekunjwa. Sikumuuliza nesi hata mmoja. Nilirudi kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi, na msiba mdomoni, nikautangaza kanisani. Yangu yaishie hapo. Sasa msikilizeni Kanyange, kwa sababu matanga yalikuwa yake.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Wingu zito lilikuwa juu ya ziwa. Kanyange alishuka kwenye pikapu pamoja na binti yake Benitha. Walikuwa wametoka Ruti, karibu na Mbarara, kwa ndugu yao mmoja, ambako Kanyange alilala siku mbili kupumzika baada ya kuruhusiwa hospitali. Kifua chake kilikuwa bado kimefungwa bandeji. Alitembea polepole, Benitha akimbebea mfuko.

Kwenye bomba la maji kulikuwa na wanawake sita. Kanyange aliwasalimu. Hakuna aliyeitika. Jerikeni moja ilijaa, maji yakamwagika, na mwenyewe hakulifunga bomba. Alikuwa akimtazama Kanyange tu.

"Mama," Benitha alinong'ona, "batu bale bako na nini?"

"Pengine nimekonda sana. Tuende."

Wakaendelea. Mbele yao njia ilikuwa tupu. Kisha wakasikia wimbo. Ulikuwa wimbo wa kuzika, na ulikuwa unatoka upande wa nyumba yao.

Kanyange akasimama. "Benitha, nani amekufa kwetu?"

Uwanjani kwake walikuta turubai limefungwa kwenye miti minne. Chini yake moto wa matanga ulikuwa unawaka, gogo kubwa limelazwa katikati. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka yake. Mume wake, Muhirwa, alikaa chini kabisa, mikono kichwani.

Wimbo ulikufa. Haukukatika mara moja. Sauti zilizimika moja moja, mpaka ikabaki ya bibi mmoja kipofu ambaye hakujua kwa nini wengine wamenyamaza.

"Munalia nani?" Kanyange aliuliza.

Akaona kiti cha peke yake, karibu na moto. Juu yake kulikuwa na gauni lake la Jumapili, limekunjwa vizuri. Juu ya gauni, Biblia yake.

Akaelewa. Baridi ikampanda kutoka miguuni.

"Muhirwa," alisema. "Ni miye. Niko hapa."

Muhirwa aliinuka. Alinyoosha kidole kimoja akamgusa mkono, kama mtu anayegusa sufuria ajue kama ina moto. Kisha akaanza kulia upya. Kesho yake yeye na wanaume wengine walikuwa waende Mbarara kuchukua maiti.

Ungedhani watu wangeshangilia. Hawakushangilia. Nyirakamana, jirani mzee ambaye huheshimiwa sana kwenye vilio, aliokota fimbo yake.

"Kilio kimekwisha kulia," alisema. "Kilio hakirudi bure. Kama si chake, kitatafuta mwenyewe."

Watu wakatazamana. Kila mmoja alimpima mwenzake kwa macho. Mariette, mama Joël, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa karibu na moto kabisa. Alivuta kitenge chake akafunika kifua. Mvua ilianza. Wote wakaondoka bila kuaga, na moto ukabaki unatoa moshi.

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu. Watu wa kwetu ni watu wa maziwa. Mgeni akija, humnyimi. Kanyange aliwapa wageni maziwa. Walishika vikombe, wakavizungusha mkononi, wakavirudisha vimejaa. Wengine waliogopa kwamba ni mzimu. Wengine waliogopa ugonjwa wake. Na ugonjwa wenyewe hawakuutaja. Walisema "kile kintu."

Watoto walimfuata nyuma wakiangalia kama ana kivuli. Siku moja Kanyange akageuka ghafla, akainua mguu.

"Mutazame basi! Kisigino kiko mbele ao nyuma?"

Watoto wakakimbia kwa kelele. Kanyange akacheka. Lakini alipoingia ndani alikaa kitandani, akajigusa mkono, na yeye pia, kujua kama bado ni wa moto.

Kila Jumatano Sista Goretti alikuja kubadilisha bandeji. Alikuwa nesi wa kituo cha afya, Mnyankole mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Yeye peke yake ndiye aliyemaliza kikombe cha maziwa.

"Sista, wewe hauogopi?" Benitha alimuuliza.

"Naogopa nini? Kansa si mafua. Haipiti kwa kikombe, haipiti kwa mkono, haipiti kwa kitanda. Ongeza kidogo, maziwa ni tamu."

Akafuta midomo, akamtazama Kanyange. "Sasa mama, nakuuliza. Hapa watu wanajua wangapi wamerudi kutoka ile wodi?"

"Hawajui hata mumoja."

"Ndiyo maana. Mtu mwenye uvimbe anakaa nyumbani, anaficha. Uvimbe mara mingi hauumi, basi anasema si kitu. Akija kwangu, ni mkubwa kama embe. Natuma yeye Mbarara, anakufa. Watu wanasema Mbarara inaua! Si Mbarara. Ni kuchelewa. Wewe ulikuja mapema, ukarudi. Simama, wasemee wagonjwa."

Kanyange alitikisa kichwa. "Sista, mi natoka kwenye matanga yangu. Uniache nipumzike. Mi si dokteri."

"Nani ameomba dokta? Dawa ni kazi yetu. Wewe sema tu kile uliona na macho yako."

"Hapana."

Goretti hakubishana. Alifunga mkoba wake akaenda.

Siku ya tatu baada ya hapo, asubuhi mapema, Kanyange alikwenda kutazama maharage yake. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani mpaka shambani. Hakuona mbali zaidi ya mistari mitano. Akasikia mtu anapumua.

"Nani iko pale?"

Mariette alitokea kwenye ukungu. Hakusalimu. Alisimama mbali, mkono mmoja kifuani.

"Mama Benitha, nakuuliza. Usikasirike."

"Uliza."

"Kule fasi ulikuwa, uliona jina langu?"

Kanyange alitaka kucheka. Akauona uso wa mwenzake, kicheko kikamkauka.

"Mama Joël, kule nilikuwa ni lopitali. Kuko vitanda, kuko bugali mubaya, kuko kunguni. Majina yenye niliona ni ya bagonjwa. Nini iko chini ya huo mukono?"

"Kilio ni changu. Nyirakamana alisema kitatafuta mwenyewe. Mi ndiye. Kiko hapa, kama mbegu ya parachichi. Toka mwezi wa tano."

"Bwana yako Grégoire anajua?"

"Anajua. Anasema nikienda Mbarara nitarudia ndani ya sanduku. Anasema wewe mwenyewe haukurudi, ile yenye kurudi ni kintu ingine."

Kanyange aliweka jembe chini. Alifungua kitenge, akainua blauzi, akashusha bandeji, akamwonyesha mwenzake mahali kisu kilipopita. Kovu lilikuwa refu, bado jekundu, limenyooka kutoka kifuani mpaka kwapani.

"Gusa."

Mariette hakusogea.

"Gusa, mama Joël. Muzimu hashonwi na uzi."

Mariette akagusa. Vidole vyake vilikuwa baridi. Kisha akakaa chini kwenye maharage, akalia mpaka ukungu ukaanza kuinuka.

Siku hiyohiyo Kanyange alimpeleka kwa Sista Goretti. Goretti alipima, akaandika karatasi ya kwenda Mbarara.

"Uvimbe mingi si kansa," alisema. "Lakini mimi siwezi kujua na vidole. Mbarara watatoa kipande kidogo, watapima. Jumatatu uende. Si mwezi ujao."

"Bwana yangu hatakubali," Mariette alisema. "Labda asikie mbele ya wanaume benzake."

Goretti alimtazama Kanyange tu.

"Sawa," Kanyange alisema. "Nitasema. Lakini unifundishe."

"Hakuna kubwa. Moja: sema yako. Jina la mwingine usitaje, hata kama unampenda. Mbili: usidanganye. Usiseme kila mtu anapona. Sema mapema ni bora. Tatu: ukimaliza kusema, mshike mtu mkono uende naye. Maneno bila miguu haifiki hospitali. Na huyu Benitha, huyu bwana yako, na wao wako na mdomo. Mtu aliyelinda mgonjwa ameona mambo ambayo mgonjwa hakuona."

Sasa kanisani kwetu kuna desturi. Mtu hutoa ushuhuda jambo likiisha. Ukipona, unasimama. Ukiwa bado unaumwa, unakaa na kuombewa. Ndiyo maana hatujawahi kusikia sauti ya mtu aliye katikati ya safari. Jumapili kabla ya ibada, Kanyange alimwendea Mchungaji Mihigo.

"Upone kwanza kabisa, mama," mchungaji alisema kwa upole. "Dokteri amesema umepona?"

"Amesema nimeze kinini, zile tembe zao, kila siku, nirudi nipimwe. Miaka tano ikipita, ndiyo atasema."

"Basi tungoje miaka tano. Ugonjwa ukirudi, batu batasema Mungu ameshindwa."

"Baba Mchungaji, mi naweza kungoja. Uvimbe wa mwenzangu hautangoja."

Mchungaji aligeuza kofia yake mkononi. Kisha akasema, "Usimame baada ya kwaya."

Kanyange alisimama amevaa gauni lile la Jumapili. Watu wa benchi la mbele walisogea nyuma.

"Mi naitwa Kanyange. Nilikuwa na kanseri ya titi." Watu walishtuka kusikia jina lile ndani ya kanisa. Mama mmoja alimziba mtoto masikio. "Ndiyo, inaitwa kanseri. Nimeitaja, na paa halijaanguka. Nilisikia kauvimbe kadogo wakati wa kuoga. Hakakuuma. Nilienda mapema. Wamekata, nakula dawa, niko hai. Kesho sijui. Hata ninyi, kesho hamujui. Lakini leo niko hai. Kama ningengoja, mungenilia kweli."

Muhirwa akasimama bila kuitwa.

"Wanaume benzangu," alisema. "Mi nilitaka kumuzuia. Niliogopa. Nilisema namulinda bibi yangu, kumbe nilikuwa nalinda hofu yangu. Nilimuzika mutu muzima kwa sababu sikuenda kuuliza. Wewe mwenye bibi yako anaficha kitu, hapana kumufungia mulango."

Kwenye benchi la wanaume, Grégoire aliinuka. Alivaa kofia. Akatoka nje, na mlango ukajipiga nyuma yake.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, Kanyange na Benitha walikuwa kwenye kituo cha pikapu. Benitha angeenda na Mariette, maana alijua milango ya hospitali, na alikuwa amejifunza Kinyankole cha kuongea na madaktari. Ukungu ulifunika njia yote. Dereva alipiga honi.

"Mama, mimi nakwenda! Petroli si maji!"

"Kidogo tu, mwana."

"Kidogo yako ilianza saa kumi na moja!"

Akawasha gari. Kanyange alisimama mbele yake, mikono miwili juu ya boneti.

"Basi nikanyage. Watu wanasema mi nilikufa. Hautafungwa."

Dereva akazima gari, akapiga ishara ya msalaba.

Ndani ya ukungu walisikia miguu. Alitokea mwanamume, begi kubwa kichwani. Alikuwa Grégoire. Nyuma yake, Mariette.

"Mimi pia napanda," Grégoire alisema, macho chini. "Nataka kuuliza mwenyewe."

Ilikuwa kanseri, lakini ilikuwa bado ndogo. Mariette alikatwa, akarudi baada ya wiki tano. Alishuka kwenye pikapu mchana, mbele ya bomba la maji, na safari hii wanawake waliitika salamu. Mmoja alimbebea mfuko. Grégoire alianza kuwaeleza wanaume mambo ya kliniki kwa kirefu sana, mpaka wakawa wanamkimbia. Kanyange na Mariette walikwenda kituo cha afya, wakaomba mtu wa kutafsiri kwa wagonjwa wasiojua Kinyankole wala Kiingereza. Waliomba mara tatu. Mara ya tatu Benitha alipewa kazi hiyo, kila Jumatano. Na Nyirakamana? Alikuja siku moja, akaomba maziwa, akanywa kikombe chote.

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, Kanyange aliona nyayo mlangoni kwake. Ilikuwa asubuhi. Mtu alikuwa amekuja kutoka njiani kupitia matopeni, pekupeku, akasimama mbele ya mlango, miguu miwili pamoja. Alisimama muda mrefu, maana udongo ulikuwa umezama. Kisha akarudi alikotoka. Kesho yake nyayo zilikuwa pale tena. Na kesho kutwa. Zilikuwa pana, za mtu wa shamba. Huwezi kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Siku ya tano, mguu mmoja ulikuwa umeanza kuburuta.

Jumapili Kanyange alisimama baada ya kwaya. Mariette alisimama kando yake.

"Kuko mutu anafika kwangu asubuhi, anasimama, anarudi," Kanyange alisema. "Sitauliza jina lako. Sitauliza unaficha nini. Nakuomba kitu kimoja tu. Kesho ukifika, piga hodi."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kanisa lilikuwa limejaa. Watu wote waliinamisha vichwa, wakatazama miguu yao.